Chumba cha seva kinachokula umeme: anza na seva, sola iwe mwisho

Ukifungua mlango wa chumba cha seva cha ofisi ya kawaida Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, cha kwanza kukupokea ni baridi. Rimoti iko nyuzi 16, viyoyozi viwili vinanguruma usiku na mchana, na kijana wa TEHAMA ametundika koti nyuma ya mlango. Bili ikipanda, mkubwa wa ofisi anaagiza viyoyozi vipya vya kubana matumizi, au mtu anakuja na wazo la sola juu ya paa. Mawazo yote mawili yana nafasi yake, ila si ya kuanza nayo.

Umeme unaoingia kwenye seva karibu wote hugeuka joto. Kulitoa joto hilo nje, kiyoyozi nacho kinahitaji umeme wake. Kabla ya kufika kwenye seva, umeme ulipita kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia seva umeme ukikatika, na UPS haikosi kukata chake. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta inabeba vyote vitatu kwa dizeli. Kwa hiyo wati moja ukiiondoa kwenye seva umeiondoa pia kwenye UPS, kwenye kiyoyozi na kwenye tangi la mafuta. Ukiiondoa kwenye kiyoyozi, umeiondoa hapo na kwenye tangi tu. Mpangilio wa mwongozo huu unatokana na hilo.

Nawalenga wenye vyumba vya raki (makabati ya chuma yanayobeba seva) moja hadi nne. Vituo vikubwa vya data vina wahandisi wao wanaolipwa kuhesabu kila wati. Chumba cha ofisi mara nyingi hakina hata mita yake.

Hatua ya kwanza: pima, na upime sehemu tatu

Mwite fundi umeme mwenye leseni afunge mita ndogo za uniti kwenye bodi: moja kwenye laini inayolisha chumba kizima, moja kwenye laini ya UPS, moja kwenye laini ya viyoyozi. Ni mita za bei ya kawaida, zinabanwa kwenye reli pale pale penye breka. Umeme unaotoka kwenye UPS kwenda kwa seva utausoma kwenye skrini ya UPS yenyewe.

Kama fedha ya mita haijapatikana, fundi atumie mita ya kubana waya, ile wanayoiita klampu. Aibane kwenye waya mmoja tu, ule wa moto. Akiizungushia kebo nzima yenye waya wa moto na nyutro pamoja, itasoma sifuri, kwa sababu mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana. Nimemwona fundi akiandika sifuri kwenye ripoti bila kushtuka. Kumbuka pia kwamba ampia ukizizidisha kwa volti unapata VA, si wati. Kwenye viyoyozi vya zamani tofauti ya hizo mbili si ndogo.

Seva nyingi za kisasa hujipima zenyewe. Kwenye Linux, amri `ipmitool dcmi power reading` itakupa wati zinazotumika sasa hivi, mradi bodi ya seva inaiunga mkono. Andika namba ya kila seva.

Kisha weka vipimajoto vitatu vya kawaida mbele ya kila raki, upande seva zinapovuta hewa: chini, katikati na juu. Namba ya kwenye rimoti ni maombi tu uliyoyatuma kwa kiyoyozi. Jibu liko mbele ya seva.

Soma mita kila Jumatatu saa ile ile kwa wiki mbili au tatu kabla hujagusa chochote. Ukianza kubadilisha mambo bila namba za mwanzo, baadaye hutaweza kumthibitishia mtu kwamba umeokoa hata senti.

Tuchukue chumba cha mfano tukitumie hadi mwisho. Seva na swichi za mtandao zinakula kilowati 6. UPS inapoteza 0.74. Viyoyozi viwili vinakula 4.1. Taa na vikorokoro 0.16. Jumla ni kilowati 11. Gawanya 11 kwa 6 unapata 1.83. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa PUE, na shirika la The Green Grid lilianza kukieneza mwaka 2007: jumla ya umeme wa jengo zima la mitambo, ukigawanya kwa umeme unaofika kwenye vifaa vyenyewe. Kingekuwa 1.0, kusingekuwa na kinachopotea njiani. Google hutangaza wastani wa takriban 1.1 kwa vituo vyake, na uchunguzi wa kila mwaka wa Uptime Institute uliweka wastani wa vituo vilivyojibu mwaka 2024 kuwa 1.56.

Kilowati 11 zikiwaka mwaka mzima, saa 8,760, ni uniti 96,360. Tuseme uniti moja inakugharimu shilingi 350 za Tanzania: hiyo ni zaidi ya milioni 33 kwa mwaka. Weka bei iliyo kwenye bili yako.

Hatua ya pili: tafuta seva zisizo na kazi

Hapa ndipo penye fedha nyingi, na hapa ndipo watu huparuka kwa sababu hakuna cha kununua.

Seva iliyokaa bure haiachi kula. Nyingi hutumia kati ya theluthi na nusu ya umeme zinaoutumia zikielemewa na kazi. Mwaka 2015 watafiti Jonathan Koomey na Jon Taylor walichunguza seva za makampuni kadhaa, wakakuta karibu asilimia 30 hazijatoa huduma yoyote kwa miezi sita au zaidi. Zimewaka tu. Kwenye ofisi zetu hadithi yake inajulikana: mfumo ulihamishwa, mfadhili wa mradi akaondoka, aliyeufunga akahama kazi, na mashine ikabaki kwa sababu hakuna anayethubutu kuigusa.

Tengeneza orodha. Kila seva: jina, kazi yake, mwenye nayo ni idara gani, wati zake, na jinsi prosesa na mtandao wake ulivyotumika kwa siku 30 mfululizo. Zisizo na mwenyewe na zisizo na pilikapilika ndizo washukiwa.

Lakini usizime kwa pupa. Miaka ya nyuma, kwenye ofisi moja niliyokuwa nikifanya kazi, nilizima seva iliyokuwa kimya kabisa. Nilimuuliza kila mtu wa TEHAMA, hakuna aliyeijua. Ilikuwa tarehe 12. Tarehe 25 mhasibu, mama mtu mzima asiyependa kupandisha sauti, alikuja mpaka mezani kwangu: "Mwanangu, ile mashine ya mishahara umeipeleka wapi?" Ilikuwa inafanya kazi siku mbili tu kwa mwezi.

Tangu siku ile nafuata utaratibu huu. Chukua nakala kamili ya data na uijaribu kama inafunguka. Kisha chomoa waya wa mtandao tu, mashine ibaki inawaka. Subiri mwisho wa mwezi upite. Kwa taasisi za serikali Tanzania, kama uko karibu na Juni 30, subiri na kufunga mwaka wa fedha kupite. Asipotokea wa kulalamika, zima. Baada ya mwezi mwingine, chomoa na waya wa umeme, kwa sababu hata ikiwa imezimwa kuna kijibodi ndani yake cha usimamizi kinachoendelea kunywa wati chache.

Uliza idara ya fedha na ya utumishi kabla ya kuuliza TEHAMA. Ndio wenye mashine za siku mbili.

Hatua ya tatu: zilizobaki, zikusanye

Seva tisa zenye kazi ndogondogo zinaweza kuishi ndani ya mbili au tatu kwa njia ya mashine pepe: seva moja yenye nguvu inagawanywa kwa programu, kila mfumo unaona kama una mashine yake. Programu ya Proxmox hutumika bila kulipia leseni, na ofisi nyingi ndogo zinaitumia vizuri tu.

Katika kupanga, angalia kumbukumbu ya RAM kabla ya prosesa. Ndiyo huisha kwanza. Acha nafasi ili mashine moja ikifa, zilizobaki zibebe mifumo yote muhimu. Ukihitaji mbili, weka tatu. Soma pia mkataba wa leseni wa hifadhidata yako kabla ya kuihamisha, maana kuna zinazotozwa kwa idadi ya kori (viini vya prosesa) za mashine nzima, na hapo akiba ya umeme inaweza kumezwa na leseni siku moja.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya nguvu. Seva nyingi huletwa zikiwa zimewekwa kwenye kasi ya juu wakati wote. Ibadilishe kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, iwe ya wastani, au uuache mfumo wa uendeshaji uamue. Kwenye Linux, `cpupower frequency-info` itakuonyesha hali ilivyo. Pima mfumo wako mkuu kabla na baada. Nimekuta hifadhidata moja tu iliyolalamika, nikairudisha ilivyokuwa na kuziacha nyingine.

Sasa tazama chumba chetu cha mfano. Tumeshusha seva kutoka kilowati 6 hadi 4.2, na hatujagusa kitu kingine. UPS inapoteza 0.7, viyoyozi vimepumua kidogo hadi 3.3, taa 0.16. Jumla 8.36. Bili imepungua kwa zaidi ya uniti 23,000 kwa mwaka. Lakini gawanya 8.36 kwa 4.2: PUE imepanda kutoka 1.83 hadi 1.99! Kwa macho ya kipimo hicho, umeharibu. Ndiyo maana sikubali fundi anayepimwa kwa PUE peke yake. Mwenye kupimwa hivyo ataziacha seva mfu zikiwaka ili namba yake ipendeze. Ripoti uniti za jumla kwanza, PUE iwe ya pili.

Hatua ya nne: hewa ya baridi isikutane na ya moto

Seva huvuta hewa kwa mbele na kuitapika nyuma. Raki zote zitazame upande mmoja, au mbele kwa mbele na mgongo kwa mgongo, upate ujia wa baridi na ujia wa joto. Kiyoyozi kipulize kwenye ujia wa baridi. Inasikitisha ni mara ngapi kinapuliza migongo ya seva, kikipoza hewa inayorudi kwake moja kwa moja.

Nafasi tupu kwenye raki zibe kwa vibao vyake maalumu. Bila vibao, hewa ya moto ya nyuma hupenya ikarudi mbele, na seva ya juu inavuta pumzi ya jirani yake. Usitumie maboksi, karatasi na umeme havikai nyumba moja. Matundu ya nyaya yazibe kwa brashi au sponji isiyoshika moto haraka. Angalia na swichi zako: nyingine feni zake hupuliza kinyume na seva.

Ukitaka kutenganisha zaidi kwa fedha ndogo, tundika pazia la vipande vya plastiki, kama yale ya milango ya vyumba vya baridi vya samaki, mwishoni mwa ujia. Hakikisha halizibi kitambuzi cha moshi wala njia ya gesi ya kuzimia moto.

Mlango nao ni sehemu ya mfumo huu. Pwani, kila unapoachwa wazi hewa yenye unyevu inaingia, na kiyoyozi kinalipia kuikamua maji. Mtu asiweke maji ya kunywa, mafaili wala printa humo.

Hatua ya tano: pandisha joto polepole

Chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Ukomo huo wa 27 umekuwepo tangu 2008. Nyuzi 16 haimo, hata kwa bahati mbaya.

Pandisha nyuzi moja kwa wiki. Fuata kipimajoto cha juu kabisa mbele ya raki, na kikikaribia 26 simama. Kwenda mbali zaidi hakuna faida, kwa sababu feni za seva zitaanza kukimbia. Nguvu ya feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: ishushe kasi hadi asilimia 80, umeme wake unashuka hadi karibu nusu, ipandishe, nao unapaa vivyo hivyo.

Kuna kizuizi kimoja cha kweli: betri. Betri za risasi za UPS hupenda nyuzi 20 hadi 25, na maisha yake hukatika karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za ziada. Kama UPS iko chumba hicho hicho, kaa kwenye 24 na betri ziwe chini, karibu na hewa ya baridi.

Mtu atakwambia nyuzi 18 ni akiba, ili umeme ukikatika kabla ya jenereta kushika chumba kisichemke. Tupige hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 5, dari mita 3, kina hewa ya kilo 70 hivi. Joto la seva na UPS, kilowati 6.7, linaipandisha hewa hiyo nyuzi moja kwa chini ya sekunde 12. Kuta na vyuma vinasaidia kupunguza kasi, na vinasaidia chumba cha nyuzi 25 pia. Akiba yako ya nyuzi saba, kwa hewa peke yake, haifiki dakika moja na nusu. Unailipia mwaka mzima. Fedha hiyo ingetengeneza jenereta iwake kwa wakati.

Hatua ya sita: kiyoyozi chenyewe

Viyoyozi vya ukutani vilitengenezwa kwa ajili ya watu, na watu hutoa jasho. Sehemu ya nguvu yake, mara nyingi robo au zaidi, huenda kwenye kukausha hewa. Seva hazitoi jasho. Kwa hiyo kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinaweza kukupa chini ya 18,000 za kupoza kweli, na kadiri unavyokishusha nyuzi ndivyo kinavyozidi kukamua maji ambayo huna haja ya kuyakamua. Ukipandisha joto kama hapo juu, sehemu hii inapungua yenyewe.

Kujua unahitaji kiyoyozi cha ukubwa gani, zidisha kilowati za seva pamoja na upotevu wa UPS kwa 3,412. Ongeza kidogo kwa ajili ya kuta na paa. Chumba chetu cha mwanzo: 6.74 mara 3,412 ni karibu BTU 23,000. Baada ya kukusanya seva, 4.9 mara 3,412 ni chini ya 17,000. Kiyoyozi kimoja cha inveta kinatosha, cha pili kinabaki cha zamu. Weka kidhibiti cha kupokezana, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na kiwashe vyote viwili joto likivuka kiwango.

Filta zisafishwe kila mwezi. Sehemu ya nje ioshwe kwa maji kila miezi mitatu, na kwa wa Zanzibar, Kigamboni na Nyali mara nyingi zaidi, kwa sababu chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini hadi yakawa unga. Iwekwe kivulini, na isitazamane na nyingine ikivuta hewa yake ya moto. Na tafadhali, kiyoyozi kisifungwe juu ya raki. Bomba la maji litaziba siku moja.

Wa Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya mna bahati yenu: usiku hewa ya nje ina baridi ya kutosha kupoza chumba kwa feni na filta nzuri ya vumbi, viyoyozi vikilala. Pwani njia hiyo haifai. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi mno kwa seva, hata saa kumi alfajiri.

Hatua ya saba: UPS

UPS kubwa kwa mzigo mdogo ni hasara ya kimyakimya. Nyingi hufanya vizuri zikiwa na mzigo wa kati ya asilimia 40 na 70. Yako ikisoma 20, ukifika wakati wa kuibadilisha nunua ndogo, au ya moduli unazoweza kuzipunguza. Zingine zina hali ya kubana matumizi inayopitisha umeme wa gridi moja kwa moja. Kwenye mtaa ambao volti inacheza kila jioni, mimi siiwashi.

Hatua ya nane: sasa ongea na fundi wa sola

Baada ya hatua zote hizi chumba cha mfano kiko hivi: seva 4.2, UPS 0.4, kiyoyozi 1.7, taa 0.05 kwa sababu zinazimwa. Jumla 6.35, PUE 1.51, akiba ya zaidi ya uniti 40,000 kwa mwaka.

Kilowati moja ya paneli Dar es Salaam tuikadirie uniti 4 kwa siku. Chumba cha mwanzo kilihitaji uniti 264 kwa siku, yaani paneli za kilowati 66. Cha sasa kinahitaji 152, yaani kilowati 38. Kwa paneli za wati 550, ni tofauti ya kati ya paneli 120 na 69, na betri za usiku zinapungua kwa uwiano huo huo.

Na kama baada ya kusafisha umebakiwa na seva mbili tu, piga hesabu nyingine: kukodi nafasi kwenye kituo kikubwa cha data Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Chumba cha seva mbili hakiwezi kushindana nacho kwa umeme. Kabla ya kuhamisha taarifa za wateja nje ya nchi, mpe mwanasheria asome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania, au ya 2019 kwa Kenya.

Mita zile tatu zibaki kwenye bodi. Namba ya Jumatatu ikiruka kwa asilimia 10 bila wewe kuongeza kitu, nenda kaangalie nje kwanza. Mara nyingi utakuta mtu ameanika nguo mbele ya kondensa, ile sehemu ya nje ya kiyoyozi.